Usiku mmoja Hartwell House, palipofugwa kuku juu ya paa

Kutoka London Marylebone hadi Aylesbury ni kama saa moja kwa treni, halafu teksi kidogo tu. Mume wangu alilipia usiku mmoja Hartwell House, jumba la kale lililogeuzwa hoteli, kwa ajili ya miaka kumi ya ndoa yetu. Nilidhani naenda kulala hoteli ya kifahari, basi.

Upande wa kaskazini, wenye mlango mkubwa, ni nyumba ya mawe ya mwanzo wa karne ya 17, madirisha yametokeza nje. Zunguka mashariki uone: umefika kwa jirani! Ukuta umenyooka, madirisha marefu ya kusukuma juu na chini, kulia sawasawa na kushoto. Huo ndio mtindo wa enzi za akina George, wafalme wanne waliofuatana toka 1714 hadi 1830, na aliyeuchora upande huu ni msanifu majengo Henry Keene. Ni kama mzee aliyevaa koti la suti juu, chini kikoi. Mimi nimependa hivyohivyo. Ukumbi wa kuingilia, wenye nakshi za lipu, ni kazi ya msanifu mwingine, James Gibbs.

Ila kilichonikaa ni habari za 1809. Louis XVIII, mdogo wake yule mfalme wa Ufaransa aliyekatwa kichwa 1793, alipanga humu akiwa mkimbizi, na msafara wa watu zaidi ya mia. Vyumba vikagawanywa vipande vipande. Juu ya paa wakafuga kuku na sungura! Nilicheka peke yangu. Nimekulia Mbagala, nyumba moja na mashangazi wawili na binamu wasiohesabika, na kuku wa bibi uani. Kumbe hata wafalme hubanana. Mkewe alifia humu 1810. Mwaka 1814, ndani ya maktaba, Louis akatia saini karatasi za kukubali kiti cha enzi, wakafungasha. Maktaba hiyo nimekaa nusu saa nzima, chai ikapoa.

Bustanini msikose daraja la ziwani: ni tao la kati la Kew Bridge ya zamani, daraja la mto Thames kule London, lililoletwa huku baada ya daraja lenyewe kubomolewa.

Bei si ya mshahara wangu, nasema kweli. Nyumba ni mali ya Ernest Cook Trust, na mwaka 2008 ilikodishwa kwa National Trust, shirika la kutunza majumba ya kale. Ukiweka nafasi, kuna vyumba vilivyokuwa mazizi ya farasi, lakini wewe omba nyumba kubwa, ghorofa ya juu kabisa, karibu na kuku.