Riwaya za Nyakati Mbili Kuhusu Waayalandi Waliohama: Kagua Haya Kabla ya Kununua

Watazamaji wangu, karibuni. Leo tunachambua riwaya za mtindo huu: sura moja mwanamke anaihama Ayalandi zamani, sura inayofuata kitukuu wake anafukua siri ya ukoo. Zikiandikwa vizuri zinanoga sana. Zikiharibika, mara nyingi mapenzi na machozi yako sawa. Kinachoziangusha ni karatasi.

Maana karibu kila mara kuna karatasi inayounganisha nyakati mbili: barua, cheti, sensa. Jiulize, hiyo karatasi ingeweza kusalia? Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma pale Four Courts, majengo ya mahakama jijini Dublin, iliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 zikabaki vipande tu. Za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Sensa kongwe zilizosalia kamili ni za 1901 na 1911. Sasa mhusika akifungua sensa ya 1851 na kukuta familia nzima imeandikwa, na kijiji chake hakimo kwenye vipande vilivyosalia, mimi naanza kupoteza imani. Mwandishi anayeijua kazi yake atampeleka kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia, au kwenye orodha ya Griffith ya wakaaji wa ardhi, iliyochapishwa 1847 hadi 1864. Orodha hiyo inamtaja mwenye kaya peke yake. Mke na watoto hawamo. Hapo siri inapata pa kujificha, na hadithi inapata nguvu.

Halafu hesabu vizazi. Msichana wa miaka 20 katika njaa kuu ya Ayalandi, mwaka 1847, alizaliwa 1827. Bibi wa miaka 90 mwaka 2020 alizaliwa 1930. Kati yao kuna miaka 103, kwa hiyo bibi huyo hawezi kuwa amesimuliwa na msichana yule ana kwa ana. Hapa riwaya nyingi huvunjika.

Kama siri ni ya bibi mwenyewe, miaka ya 1950 inafaa zaidi. Watu karibu 400,000 waliondoka muongo huo, wengi wakienda Uingereza, na wasichana waliopata mimba nje ya ndoa walikuwa wakifichwa kwenye nyumba za mama na mtoto. Sheria ya kuasili watoto ilipitishwa 1952, lakini haki kamili ya aliyeasiliwa kupata taarifa za kuzaliwa kwake ilikuja kwa sheria ya 2022. Mhusika wa mwaka 1998 anayeomba faili lake na kukabidhiwa papo hapo? Hapana. Angezungushwa miaka, na mzunguko huo ungetosha kuwa riwaya.

Safari nayo ina mitego. Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ilifunguliwa 1892, basi abiria wa 1847 hawezi kushukia pale. Wengi wa mwaka ule waliokwenda Kanada walisimamishwa karantini kwenye kisiwa cha Grosse Île, Quebec, ambako zaidi ya 5,000 walizikwa, hasa kwa homa inayoenezwa na chawa. Na ile ya karani wa Ellis Island kubadili jina la ukoo mezani ni ngano tu: makarani walifuata orodha ya abiria iliyoandaliwa na kampuni ya meli.

Ukiwa dukani, fungua maelezo ya mwandishi mwishoni, uone kama anataja alichokibadilisha kwenye historia. Pitia aya ya kwanza tu, kwa sababu mara nyingi siri yenyewe imefichuliwa kwenye aya zinazofuata.