Kanga au fulana: ipi ibebe ujumbe wa taifa?

Hapa Arusha, mji ambao Azimio la Arusha la 1967 lilichukua jina lake, siasa huvaliwa. Fulana ya skrini ni ya haraka: wavu umekazwa kwenye fremu, wino unasukumwa kwa mpira, na karakana ndogo inakutolea hamsini kabla ya mkutano. Ila kila rangi inataka skrini yake, kwa hiyo picha hubaki ya rangi mbili tatu.

Kanga inataka kiwanda na oda kubwa. Lakini ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na jina husomwa na kila apitaye nyuma yako. Mama atajifunga, atambebea mtoto, ataitandika kitandani; Mwenge uliochapwa katikati utaishi humo nyumbani miaka. Fulana za kampeni nimeziona zikipalilia mahindi mwezi uliofuata. Nachagua kanga, hata ikichelewa.