Tangi la injekta kwenye pikipiki ya kabureta

Tangi langu la zamani lilioza chini, kila siku suruali inanuka petroli. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, akanipatia la mtumba la modeli nyingine, ya injekta (pampu ndani ya tangi husukuma petroli hadi kwenye injini), kwa shilingi 4,500, kazi 1,500.

Vishikio vya tangi simlaumu. Alipima vizuri, usukani unageuka kote bila kugusa tangi. Shida ilikuwa chini: tangi la injekta lina tundu pana la pampu, halina koki ya kufungua na kufunga mafuta. Akaliziba kwa bamba la chuma, akafunga koki hapo. Sawa. Lakini mpira wa mafuta aliuacha mrefu, ukapanda juu kabla ya kushuka kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na mafuta haya hushuka kwa uzito wake tu, hayana wa kuyasukuma. Nikipanda Valley Road tangi likiwa nusu, inakohoa, inazima, matatu zinanipigia honi.

Nilirudi. Akaukata ule mpira kwa wembe, sentimita 10 hivi, bila kuitisha pesa wala kuomba radhi. Haijazima tena. Gasketi ya bamba, ile ya kuzuia mafuta yasivuje, nilibadilisha mwenyewe. Ya fundi ilikuwa kipande cha tyubu ya gurudumu, na tyubu ikilowa petroli huvimba kama andazi.