Mashine ya kuendeshea baiskeli sebuleni: imenivusha Krismasi, ila nina maneno nayo

Wadau mnaoniuliza kama ile mashine ya kufungia baiskeli ndani ina thamani ya hela yake: ndiyo, inayo, kwa masharti. Mimi ni muuguzi hapa Nürnberg, Ujerumani, na Julai nina Challenge Roth, mashindano ya triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia), si mbali na hapa. Unaogelea kilomita 3.8 kwenye mfereji wa Main-Donau, unapanda baiskeli kilomita 180, halafu unakimbia 42.2. Miguu ya kilomita 180 haitengenezwi Juni. Inatengenezwa Desemba, na Desemba huku saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, barabara zinateleza barafu, na bwawa letu la kuogelea hufungwa sikukuu.

Yangu ni ile ambayo gurudumu la nyuma unalitoa kabisa, cheni inakaa moja kwa moja kwenye mashine. Zile za zamani za rola zinakula tairi na zinapiga kelele, msizifuate kwa sababu ya bei. Nililipa euro 500 kwenye ofa za Novemba. Jina la kampuni naliacha, maana kuna jambo limeniudhi: picha kwenye boksi ina kaseti ya gia (yale meno ya nyuma yanayoshika cheni), ndani ya boksi haimo! Hiyo unainunua kivyake, pamoja na vifaa vya kuifungia. Kwa mwenzangu anayeishi Ujerumani: tarehe 25 na 26 Desemba maduka yote yamefungwa, kwa hiyo fungua boksi lako mapema.

Ikishafungwa, inafanya kazi sawasawa. Kinachonifurahisha ni mpango unaoitwa ERG. Unaiambia mashine unataka kukanyaga kwa nguvu ya wati 180, inakushikilia hapo hapo, ubadilishe gia usibadilishe. Lakini ina ukatili wake. Ukichoka ukapunguza mzunguko wa miguu, yenyewe inaongeza uzito ili wati zisishuke. Uzito ukiongezeka unapunguza tena, nayo inaongeza tena, mpaka pedali zinaganda kama umekanyaga saruji mbichi. Dawa yake ni kuwahi kuzungusha haraka kabla haijakubana, au kuzima ERG upumue.

Naitumia na Zwift, programu inayokuonyesha barabara za kuigiza kwenye skrini unapokanyaga. Kuna mlima mle unaitwa Alpe du Zwift, umeigwa kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa, kona 21 zote zimo. Siku ya Krismasi wageni wamekaa wanasubiri pilau, mimi nipo pembeni ya kochi napanda kona. Kaka mmoja wa Tanga akaniambia, "Dada, ukifika Korogwe tupigie." Wakacheka wote, nami nikapoteza pumzi kwa kucheka. Nyama ilikuwa bado haijaiva, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa.

Kuhusu kelele, matangazo yanasema haina, na kweli humu ndani unasikia cheni tu. Tatizo ni mtetemo, unashuka na sakafu ya mbao. Mama mzee wa ghorofa ya chini alipanda kuniuliza, kwa upole, kama nimenunua mashine ya kufulia mpya. Nikaweka mkeka mzito wa mpira, hajarudi. Ila saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa za utulivu, na zamu yangu ya jioni inaisha karibu na saa tatu usiku. Baada ya hapo sigusi, naamka asubuhi.

Feni nunua siku hiyo hiyo, kubwa, ya kuweka sakafuni. Nje upepo unakupoza bila wewe kujua. Ndani hakuna upepo, hata dirisha likiwa wazi na nje ni chini ya sifuri utalowa. Jasho lina chumvi, linadondoka kwenye boliti za usukani na kuzila kwa kutu. Tandika taulo juu ya usukani, na ukimaliza futa baiskeli yote kwa kitambaa chenye maji safi.

Kama unajiandaa na mbio fupi tu, au unakaa Dar ambako barabara iko wazi mwaka mzima, hela hiyo nunua tairi nzuri na taa. Anayeitaka yangu anitafute baada ya Roth, nitapunguza bei. Kaseti imo. Feni siiuzi.