Kuprintiwa ramani ya sensa Kisumu

Nilipeleka ramani ya Kaunti ya Kisumu kwa duka flani la kuprinti hapa tao, saizi A1, tunaitumia na kikundi chetu cha vijana Nyalenda, na kusema kweli imetoka safi sana. Unaona kaunti ndogo zote 7, ndani kuna kata, halafu kata ndogo zile za naibu wa chifu, na kila kata ndogo imekatwa tena vipande vya kuhesabia watu, kipande kimoja kama familia 100 hivi, na hiyo ndio sehemu inanifurahisha maana sensa ya 2019 karani alipewa kipande chake na tableti, asiruke boma wala asihesabu nyumba mara mbili. Vipande vingi vinafuata barabara ama mto, kitu mtu anaona kwa macho, so nimeweka kidole kwa mto Auji nikaufuata mpaka ziwani bila kupotea. Msichanganye tu na wadi, hizo ni za kura.

Shida ni lamineshen, imevimba kona moja, nikawarudishia wakarekebisha bure siku hiyo hiyo. Bei sawa, nitarudi.