Moses Fleetwood Walker na Frank Grant: njia mbili za mchezaji mweusi

Mchezaji mweusi wa besiboli aliyetaka kulipwa kwa kipaji chake nchini Marekani katika miaka ya 1880 alikuwa na njia mbili: kung'ang'ania nafasi katika timu za wazungu, au kujiunga na timu za weusi.

Walker, aliyesoma chuo cha Oberlin, alishika njia ya kwanza. Mwaka 1884 alicheza mechi 42 akiwa mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mtupaji kwa ishara aina ya mpira wa kutupa) wa timu ya Toledo, katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu, na mtupaji wa timu yake mwenyewe, Tony Mullane, alikiri baadaye kwamba alikuwa akipuuza ishara za Walker kwa sababu ya rangi yake, ingawa alimsifu kuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi. Julai 1887 International League, ligi ya ngazi ya chini ambamo Walker alikuwa akicheza wakati huo, iliamua kutotoa mikataba mipya kwa weusi, na kufikia 1889 Walker alikuwa ameondoka katika ligi hiyo.

Grant alianza kwa njia hiyohiyo, akicheza katika timu ya Buffalo ya ligi hiyohiyo kuanzia 1886 hadi 1888, kisha akahamia timu za weusi, zikiwemo Cuban Giants, akaendelea kucheza kwa miaka mingi. Ligi kuu hakuifikia kamwe. Kwa maoni yangu, Grant ndiye aliyepata muda wa kuonyesha uwezo wake wote, na Jumba la Heshima la besiboli lilimwingiza mwaka 2006, heshima ambayo Walker hajapewa kama mchezaji.