Vitabu vya besi ya hevi metali: tunavipima kwa mkono wa kulia

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani hakuna gitaa jipya wala ampu. Kuna vitabu: vile vya kujifunzia gitaa la besi la hevi metali, yaani roki nzito, kurasa sitini hadi mia, fuvu kwenye jalada, tablatura ndani (muziki ulioandikwa kwa mistari na namba), na sauti za kusindikiza ambazo unazipakua mtandaoni au ziko kwenye sidii nyuma ya jalada. Hatutakitaja kimoja kimoja, maana vinafanana kuliko majalada yanavyojidai. Tutaonyesha jinsi ya kukikagua chochote utakachoshika kabla hujatoa pesa, halafu jinsi ya kukitumia.

Utangulizi uache. Fungua zoezi la kwanza. Mistari minne, kila mmoja ni uzi wako, na ule wa chini kabisa ndio uzi mnene, E. Wengi hupindua hapo, kwa sababu ukishika gitaa uzi mnene uko juu, karibu na uso wako. Namba ni freti (kile chuma cha shingoni) ya kubonyeza, sifuri ni uzi wazi. Sasa tazama juu ya hizo namba: pana nota zenye vikia, au ni namba tupu? Kama ni tupu, kirudishe rafuni. Namba inakuonyesha pa kubonyeza, haikuonyeshi lini.

Tuchukue mwendo wa farasi, ule mdundo uliompa jina Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya Iron Maiden. Kwenye tablatura tupu unasoma 0-0-0, 0-0-0 kwenye uzi wa E, basi. Lakini kila pigo hapo limegawanywa vipande vinne: sauti ya kwanza inakula vipande viwili, ya pili kimoja, ya tatu kimoja. Tamka: paa-kapa, paa-kapa. Anayesoma namba peke yake atapiga tatu zilizolingana, pa-pa-pa, na hatajua kakosea, maana freti ni zilezile. Dawa yake hii. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 120 kwa dakika, ila wewe hesabu kana kwamba ni 60, yaani kila pigo lako lina milio miwili. Sauti ya kwanza ianguke kwenye mlio wa kwanza, ya pili ianguke juu kabisa ya mlio wa pili. Ya pili ikitangulia mlio, ujue umerudi kwenye pa-pa-pa.

Kamera isogee kwenye mkono wa kulia. Hapo hapo. Vidole viwili, cha shahada na cha kati. Pigo la kwanza: shahada, kati, shahada. Pigo la pili: kati, shahada, kati. Sauti ni tatu, vidole ni viwili, kwa hiyo anayeanza anabadilika kila pigo. Asiyeambiwa hili huanza kila pigo kwa shahada, na maana yake kidole kilekile kinafunga pigo na kufungua linalofuata. Ukiwa 70 hutaona shida. Ukipanda unaanza kuburuta, mkono wa mbele unakaza, na unalaumu gitaa. Kitabu kinachoandika herufi za vidole chini ya namba kimekuokolea wiki kadhaa.

Kuhusu piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi: kitabu kinachosema metali haipigwi kwa vidole kinakudanganya, Harris huyo huyo anatumia vidole. Kinachosema piki ni ya wasiojua nacho kinadanganya, Lemmy, mpiga besi wa bendi ya Motörhead, alitumia piki. Ukiichagua, ianzie unene wa milimita 1. Nyembamba inapinda kwenye uzi mnene na sauti inachelewa.

Sasa sura ambayo ndiyo kipimo chetu kikuu: kunyamazisha nyuzi. Itafute kwenye yaliyomo. Ikiwa haipo, au ni aya moja yenye picha, hicho ni kitabu cha besi ya kawaida kilichovalishwa fuvu. Besi ina nyuzi nene, ukigusa mmoja nyingine zinatetema zenyewe. Kwenye sauti safi husikii. Washa distosheni, ile ya kukwaruza sauti, inayainua yale mavumo madogo mpaka yakaribiane na sauti yako, na unapata ngurumo isiyo na umbo.

Mkono wa kulia: ukipiga A, uzi unaofuata E, gumba lilale juu ya E. Ukihamia D, uzi unaofuata A, gumba libaki E, na kidole kilichopiga D kimalizie safari yake kwa kuegemea A. Uzi umenyamaza bila kazi ya ziada. Mkono wa kushoto: vidole visivyobonyeza vilale juu ya nyuzi, viwili au zaidi. Kidole kimoja kikigusa kidogo juu ya freti ya 5, 7 au 12 kinatoa mlio mwembamba kama kengele, na hapo umeongeza kelele badala ya kuiondoa. Jipime hivi: piga mapigo matatu, la nne acha ghafla. Ukisikia chochote, hata mvumo, rudia.

Tyuningi, yaani kukaza au kulegeza nyuzi zifike sauti zake. Vitabu vya mwanzo hubaki kwenye E, A, D, G, lakini nyimbo nyingi za metali ziko chini zaidi. Kushusha E hadi D hakuna shida: linganisha na uzi wa D, ulio oktava moja juu (sauti ileile, ila ya juu zaidi). Uzi huo unapoteza kama asilimia 20 ya mvutano wake, unavumilika. Ukishuka hadi C kwa seti ya kawaida ya 45 hadi 105 (unene wa nyuzi, kwa sehemu za elfu za inchi), mvutano umepungua zaidi ya theluthi moja. Uzi unagonga freti, na kila ukipiga kwa nguvu sauti inaruka juu kidogo kabla ya kutulia. Hapo unahitaji uzi mnene zaidi, na huenda mfereji unaopitisha uzi huo juu ya shingo ukahitaji kupanuliwa na fundi. Kitabu kinachosema tu “shusha tyuningi” kimekuacha njiani.

Sauti za mazoezi usizisikilize kwa spika ya simu. E wazi ni takriban hezi 41, na spika ile haifiki huko, unachosikia ni kivuli chake. Vaa hedifoni. Rekodi nyingi za aina hii zimeweka besi upande mmoja, hivyo unaweza kuizima na kushika nafasi yake. Ukinunua kitabu kilichotumika, uliza kwanza kama namba ya kupakulia bado inafanya kazi.

Sura za skeli, yaani ngazi za sauti kama Frijia na wenzake, ziruke kwa sasa. Zitakungoja.

Distosheni: usifanyie mazoezi ndani yake, inaficha makosa ya mkono. Wakati wake ukifika, tafuta pedali inayochanganya sauti safi na chafu, anza na chafu theluthi moja. Ukiweka chafu yote, ule uzito wa chini unatoweka na besi inageuka gitaa bovu. Na tafadhali, usichomeke besi kwenye ampu ndogo ya gitaa na kufungua sauti yote. Utaipasua spika.

Nani anunue? Kama tayari unapiga besi kanisani au kwenye bendi ya dansi, kitabu kitakufaa, ila anza katikati. Vidole vya kushoto unavyo. Kigeni kwako ni kwamba huku besi mara nyingi haiachi nafasi wala haijibizani na gitaa: inafuata rifu (kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) sauti kwa sauti, oktava moja chini, na kushikamana na ngoma ya mguu. Kama hujawahi kushika besi kabisa, kitabu peke yake hakitoshi, kwa sababu hakikuoni ukikunja kiwiko. Jirekodi kwa simu ukiwa umesimama, mkanda ukiwa kwenye urefu uleule unaokalia. Mkono ukifa ganzi, acha siku hiyo.

Dakika 25 kwa siku: tano za kunyamazisha, kumi za farasi, kumi za ukurasa mpya. Kwenye metronomu ongeza mapigo manne tu baada ya kupiga mara tatu mfululizo bila kosa.

Jambo la mwisho, dogo lakini linaudhi: vitabu hivi vimegandishwa kwa gundi, havilali wazi, na mikono yako yote miwili ina kazi. Kipeleke steshenari wakate mgongo, watie spairo.